DIGRII SI OFISI: TUWAPOKEE VIZURI WATOTO WETU WANAOMALIZA VYUO VIKUU

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Shukrani zote ni za Allah Subhanahu Wataala, na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na maswahaba wake. 

Kila mwaka katika jarida letu tunaandika majina ya wanafunzi waliokhitimu na waliofaulu mitihani, na wazazi hufurahi kuyaona. Mwaka huu nimeomba nafasi niwazungumzie wale ambao majina yao tuliyaandika miaka ya nyuma, wakaenda vyuo vikuu, na sasa wamerudi. Na nitaanza na kosa langu mwenyewe, kwa sababu si haki mwalimu kuwasahihisha watu huku lake amelificha.

Yupo kijana wetu mmoja, sitamtaja jina, aliyesoma katika madrasa hii tangu akiwa na miaka sita. Alipopata nafasi ya chuo kikuu tulimsomea dua hapa hapa barazani. Wazee wa mtaa walichanga nauli, na mama mmoja wa jirani alimpa shuka na ndoo. Akasoma takwimu, akamaliza, akavaa joho, akarudi Tanga. Ijumaa moja mwaka juzi alikuja kunisalimia. Nami kwa furaha nikamsimamisha mbele ya wanafunzi nikasema, "Huyu ni kaka yenu, ana digrii. Haya, waambie wadogo zako, sasa unafanya kazi ofisi gani?"

Kijana alinyamaza. Akatabasamu kidogo, akasema, "Ustadh, bado natafuta," akakaa chini. Baada ya siku ile hakuonekana tena madrasa, wala msikitini kwetu. Nikadhani dunia imemchukua, na Allah anisamehe, nililisema jambo hilo mbele ya watu.

Miezi kadhaa baadaye nilikwenda soko la samaki alfajiri kununua samaki wa shughuli ya ndugu yangu. Nikamkuta kijana yule kwenye mnada, amevaa buti za mpira, mkononi ana daftari, ananunua vibua na changu, anawapanga kwenye deli la barafu ili awapeleke Korogwe kwa basi la asubuhi. Tulisalimiana. Nikamuuliza mbona msikitini hatumuoni. Akanijibu kwa adabu, "Ustadh, nasali, lakini nasali msikiti wa mbali. Kwetu kila mtu akinipa mkono ananiuliza kama nimepata kazi."

Ndugu zangu, neno lile lilinikaa kooni. Mimi mwenyewe nina stashahada ya masomo ya Kiislamu, na kila mmoja wenu anajua kwamba asubuhi nafundisha, na mchana nashona kanzu na suruali za shule. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba cherehani yangu imeitia aibu elimu yangu. Iweje mimi nimuaibishe kijana aliyeamka saa kumi za usiku kutafuta halali, na tena nimdhanie kwamba ameacha dini?

Tulitoa wapi mawazo haya kwamba mtu akimaliza chuo lazima aingie ofisini, na asipoingia basi amepotea? Tusiwalaumu wazazi wetu, kwani walisema waliyoyaona. Chuo kilichokuja kuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilifunguliwa mwaka 1961 kikiwa na wanafunzi wasiofika ishirini, wote wa sheria. Nchi ilikuwa changa, wageni wanaondoka, nafasi ziko wazi. Kwa miaka mingi baadaye kijana aliyemaliza chuo alipangiwa kazi na serikali. Hakutembeza bahasha ya kaki, kazi ndiyo iliyomngoja. Mzee aliyeona hivyo akiwa kijana, leo akimwambia mjukuu wake asome ili apate kazi, hasemi uongo. Anaeleza mambo ya zama zake.

Lakini zama zimebadilika. Katika miaka ya 1990 serikali ilipunguza wafanyakazi na mashirika mengi ya umma yakauzwa au kufungwa. Hapa Tanga wazee wetu wanakumbuka viwanda na mashamba ya mkonge yaliyokuwa yakilisha mitaa mizima. Wakati huo huo vyuo vikuu vimeongezeka. Chuo Kikuu cha Zanzibar kule Tunguu kilianza mwaka 1998, Chuo Kikuu cha Waislamu cha Morogoro mwaka 2005, Chuo Kikuu cha Dodoma mwaka 2007, na vingine vingi. Hili ni jambo la kumshukuru Allah, kwani watoto wa maskini na watoto wa kike wamepata mlango ambao zamani ulikuwa mwembamba mno. Lakini maana yake ni kwamba wenye digrii wamekuwa wengi kuliko viti vya ofisi. Kijana anayekosa kiti si lazima awe mvivu wala mjinga.

Basi tuangalie dini yetu inasemaje kuhusu kazi. Kila mwanafunzi wetu anajua kwamba Mtume wetu (s.a.w.) alichunga mifugo ya watu wa Makka, kisha akafanya biashara kwa mali ya Bi Khadija (r.a.). Nabii Daud (a.s.) alikuwa mfalme, na juu ya ufalme wake alikula kwa jasho la mikono yake. Nabii Zakariya (a.s.) alikuwa seremala. Nabii Musa (a.s.), aliyelelewa katika nyumba ya Firauni, alikuja kuchunga mifugo kule Madyan kwa miaka mingi ili atimize mahari. Hakuna asiyejua kwamba hawa ni bora kuliko wakurugenzi wote wa dunia.

Tumtazame pia sahaba Abdurrahman bin Auf (r.a.). Alihamia Madina akiwa hana kitu. Ndugu yake wa Ansari akamwambia achukue nusu ya mali yake. Yeye akamwombea baraka, akaomba aonyeshwe njia ya sokoni. Akaanza kuuza jibini na samli, mpaka akawa katika matajiri wakubwa wa Madina. Imamu Abu Hanifa, ambaye fiqhi yake inafuatwa na mamilioni ya Waislamu, alikuwa na duka la nguo za hariri mjini Kufa. Na ukisoma majina ya maulamaa wa zamani utakuta kazi za mikono ndani yake: al-Khassaf ni mshona viatu, al-Jassas ni fundi wa chokaa, al-Zajjaj ni fundi wa vioo. Hawakuona haya kuitwa hivyo, na vitabu vyao bado vinasomwa.

Huenda mwanafunzi akasema, "Ustadh, hao ni wa zamani." Basi nitakupa mfano wa jirani zetu. Profesa Ali Mazrui alizaliwa Mombasa mwaka 1933. Baba yake, Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui, alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, na alitamani mwanawe aende Al-Azhar akawe mwanachuoni wa dini. Sheikh akafariki mwaka 1947. Kijana akafanya mtihani wa sekondari akapata daraja la tatu, na Chuo cha Makerere hakikumchukua. Akawa karani katika Taasisi ya Elimu ya Waislamu ya Mombasa, ambayo siku hizi ni Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa. Hapo ndipo alipopata nafasi ya kwenda kusoma Uingereza. Akapata shahada ya kwanza Manchester mwaka 1960 na udaktari Oxford mwaka 1966, na akarudi kufundisha Makerere ile ile ambayo haikumpokea akiwa mwanafunzi. Alipofariki mwaka 2014 akiwa Marekani, alirudishwa kuzikwa Mombasa katika makaburi ya ukoo wake. Lau watu wa Mombasa wangemhukumu siku ile akiwa karani, wangehukumu vibaya.

Wapo pia waliosoma jambo moja wakafanya jingine. Rais mstaafu Jakaya Kikwete alisoma uchumi Dar es Salaam akamaliza mwaka 1975, kisha akafanya kazi za chama na za jeshi. Dakta Ali Mohamed Shein alisomea biokemia ya tiba na akafanya kazi Wizara ya Afya Zanzibar kabla ya siasa. Rais Hussein Mwinyi alisomea udaktari wa hospitali. Cheti kilifungua mlango wa kwanza tu, na milango mingine ilifunguka huko mbele kwa namna ambayo wao wenyewe hawakuipanga wakiwa darasani.

Sasa turudi mtaani kwetu. Nimejaribu kuwakumbuka vijana wa madrasa hii waliomaliza vyuo vikuu, na kila mmoja Allah amempa njia yake. Mmoja amepata ajira ya ualimu, baada ya kujitolea katika shule ya kata karibu miaka mitatu akilipwa nauli tu. Binti mmoja aliyesoma uhasibu anaoka mikate na keki nyumbani kwao, na jioni anawaandikia hesabu zao wenye maduka watatu wa Ngamiani. Mwingine alisoma sosholojia, hakupata kitu, akajiunga na VETA kujifunza umeme wa majumbani. Wenzake walimcheka kwamba amerudi nyuma, na leo wao ndio wanaompigia simu taa zikizimika. Yupo aliyekwenda Oman kufanya kazi ya ghala. Na yupo binti mwenye shahada ya elimu ambaye kwa sasa analea watoto wake wadogo, na kila Jumamosi anawasomesha wanawake wa mtaa kuandika. Ukiniuliza nani kati yao amefaulu, sitaanza na mshahara. Nitauliza kama anasali, kama anakula halali, na kama watu wananufaika naye.

Baba mmoja aliponisikia nikisema hivi alinijibu kwa uchungu. "Ustadh, mimi nimeuza minazi yangu yote. Nimeuza minazi ili mwanangu akauze samaki?"

Ndugu zangu, swali hili lisijibiwe kwa mawaidha mepesi. Uchungu wa mzee yule ni wa haki. Kijana aliyesoma miaka kumi na sita ana haki ya kutaka kazi inayolingana na alichosoma, na wenye mamlaka wana wajibu wa kuhakikisha masomo na ajira haviachani mbali kiasi hiki. Siwaambii vijana waache kuomba kazi. Huyo wa samaki bado anaomba, kila tangazo likitoka anatuma maombi, na mimi namuombea dua apate. Ninachosema ni kwamba kungoja kazi siyo kukaa bure, na kufanya kazi ndogo siyo kuitupa elimu. Waswahili walisema, mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Lile daftari lake la mnadani lina bei za kila siku za miezi minane. Anajua samaki gani hupanda bei wakati wa kusi na Korogwe wanapenda nini mwisho wa mwezi. Takwimu alizosomea amezihamishia mnadani.

Lakini tusichanganye mambo. Ninaposema kila njia ni sawa, nakusudia kila njia ya halali. Kuna vijana wanaoambiwa watoe chochote ili wapate ajira, na kuna wazazi wanaokopa ili watoe hicho chochote. Hiyo ni rushwa, na Mtume (s.a.w.) amemlaani mtoaji na mpokeaji. Kuna wanaotumia vyeti visivyo vyao. Mwaka 2017 uhakiki wa serikali uliwakuta watumishi wa umma 9,932 wenye vyeti vya kughushi, na wakaondolewa kazini, wengine wakiwa na watoto shuleni na nyumba nusu ukuta. Mshahara wa miaka yote ile ulijengwa juu ya uongo. Na kuna janga jipya la kubeti. Kijana mwenye digrii anakaa kijiweni kutwa nzima na mkeka wake kwenye simu, na akiulizwa anasema anatafuta riziki. Hiyo ni kamari. Muuza samaki yule ni mbora kwa mbali.

Jambo jingine ambalo hatulizungumzi ni deni. Wengi wa vijana wetu wamesoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoanza kazi mwaka 2005. Aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara. Waislamu wengi walisononeshwa na ile tozo ya asilimia 6 iliyokuwa ikiongezwa kila mwaka juu ya deni, na alhamdulillah ilifutwa mwaka 2021. Lakini deni lenyewe lipo pale pale. Asidhani aliyejiajiri kwamba kwa kuwa hana mwajiri basi hadaiwi. Mtume wetu (s.a.w.) aliletewa jeneza akauliza kwanza kama maiti ana deni. Basi kijana ajiandikishe, alipe kidogo kidogo kwa kadiri anavyopata, na wazazi wamsaidie kukumbuka.

Baada ya hayo, napenda kutoa nasaha zifuatazo.

Kwanza, kwa wanafunzi wetu. Someni kwa bidii na muende vyuo vikuu, wala asitoke mtu hapa akasema Ustadh amesema chuo hakina faida. Lakini kabla hujamaliza kidato cha nne, mikono yako iwe imejua kazi moja: kushona, kupika, kufuga kuku, kutengeneza simu, umeme, uvuvi. Likizo ni ndefu, zitumie. Mtu mwenye digrii na ufundi ana miguu miwili.

Pili, kwa mliomo vyuoni. Msingoje mwaka wa mwisho ndipo mjue kuandika barua ya kazi. Tafuteni sehemu za kujitolea wakati wa likizo, jifunzeni kompyuta vizuri, na muwe na watu wanaoweza kusema kwamba wanawajua kuwa waaminifu. Anayetaka kwenda Oman au nchi nyingine za Ghuba, aende kwa mkataba aliousoma na kwa njia inayojulikana serikalini, asikabidhi pasi yake kwa mtu aliyekutana naye simuni.

Tatu, kwa wazazi. Mtaji si lazima uwe mkubwa. Mzazi aliyeweza kuchangia ada, aweze pia kumkopesha mwanawe mtaji bila kumsimanga. Halmashauri zetu zina mikopo ya asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Mikopo hii ilisitishwa mwaka 2023, ikarejeshwa mwaka 2024, na kwa mujibu wa sheria haina riba. Vijana wetu waunde vikundi vya watu wanaoaminiana, wakaombe. Kukimbilia mikopo ya riba ya mitaani wakati huu upo ni kujitia matatani dunia na akhera.

Nne, kwa kamati za misikiti na sisi walimu. Tusiwaite wahitimu siku ya mahafali tu. Tunao mtaani wanaojua hisabati, sheria, hesabu za fedha, afya. Tuwaombe wafundishe, watusomee mikataba ya viwanja vya wakfu, watukagulie vitabu vya michango. Anayetumiwa na watu wake hajioni ametupwa.

Na mwisho, kwetu sote, tubadilishe swali. Kijana akikupa mkono baada ya sala, muulize hali yake, muulize anaendeleaje, muombee. Kama ana habari ya kazi atakuambia mwenyewe. Kama wewe una habari ya kazi, mpe. Kama huna, mkono na salamu vinatosha.

Mimi nilimfuata kijana yule nyumbani kwao nikamuomba radhi mbele ya mama yake, kwa sababu nilimuaibisha mbele ya watu. Sikutaka radhi hiyo ibaki siri ya watu wawili, ndiyo maana naiandika hapa. Siku hizi anasali nasi Magharibi akirudi mapema kutoka Korogwe, na Jumamosi anawasomesha hisabati vijana wa kidato cha pili katika chumba cha nyuma. Wanafunzi wanamwita Ustadh, na deli lake analiacha mlangoni. Sijawahi kuona mtoto hata mmoja akilicheka.

Namuomba Allah awafungulie vijana wetu milango ya riziki ya halali, awalipe wazazi waliouza walivyokuwa navyo kwa ajili ya elimu, na atusamehe sisi tunaohukumu kabla ya kujua. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.